Beringi na Breki za Tela: Matunzo Madogo Yanayookoa Maisha Barabarani

KIABAKARI, BUTIAMA – Katika barabara kuu inayotoka Mwanza kupitia Bunda, Kiabakari na Makutano hadi Musoma na mpaka wa Sirari, tela ni chombo cha kila siku. Lipo linalovutwa na trekta likiwa limesheheni magunia ya pamba kutoka katika vituo vya vyama vya ushirika vya msingi. Lipo la mchanga, mawe na matofali, lipo la tangi la maji, na lipo dogo linalovutwa na pikapu kubeba jenereta au boti ya kwenda kushushwa ziwani Musoma. Yapo pia malori makubwa yenye matela yanayovuka mpaka, pamoja na matela ya kambi ya wageni wanaoingia nchini kupitia Sirari kuelekea lango la Ndabaka, Hifadhi ya Taifa ya Serengeti.

Matela haya yanatofautiana kwa ukubwa na kwa kazi, lakini yanafanana katika jambo moja: uzito wote unabebwa na magurudumu ambayo ndani yake kuna vyuma vidogo vya duara viitwavyo beringi, na yanasimamishwa, pale inapowezekana, na breki ambazo mara nyingi hazionekani wala hazisikiki. Beringi ikikauka grisi, gurudumu linaweza kuchomoka likiwa katika mwendo. Breki isipofanya kazi, tela hulisukuma gari linalolivuta. Katika hali zote mbili, anayeumia mara nyingi si mwenye tela. Ni mwendesha bodaboda aliyekuwa nyuma, mama aliyekuwa akivuka barabara na ndoo kichwani, au mwanafunzi aliyekuwa akitembea pembezoni.

Makala haya yanaeleza namna beringi na breki za tela zinavyofanya kazi, sababu za kuharibika kwake, na utaratibu wa matunzo ambao kila mmiliki, dereva na fundi anaweza kuufuata kabla ya misimu ya kazi kuanza.

Chombo kisicho na dereva

Dereva wa gari hupata taarifa za gari lake kupitia usukani, pedali na masikio. Tairi likiwa na tatizo, usukani hutetemeka. Breki ikiwa laini, mguu huhisi. Tela halina usukani wala pedali yake. Liko nyuma, mita kadhaa kutoka kwa dereva, na kelele zake humezwa na mngurumo wa injini. Dereva wa trekta anaweza kuvuta tela lenye beringi inayosagika kutoka shambani hadi kituo cha kununulia pamba bila kusikia lolote.

Kwa sababu hiyo, utaratibu wa kusubiri dalili, ambao baadhi ya wamiliki wameuzoea kwa magari yao, haufai kwa tela. Tela hukaguliwa kwa kalenda na kwa mkono. Linaposubiriwa lilalamike lenyewe, kwa kawaida lalamiko la kwanza huwa ndilo la mwisho.

Tatizo huongezeka kwa matela yaliyoundwa mitaani kwa kutumia ekseli za magari chakavu. Matela ya aina hiyo yamesaidia wakulima na wafanyabiashara wengi, lakini mara nyingi hayana kitabu cha maelekezo, hayajulikani uwezo wake halisi wa kubeba mzigo, na mengine hayana breki kabisa. Mmiliki wa tela la namna hiyo anahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa hakuna kiwanda kilichomwekea mipaka.

Beringi inavyofanya kazi

Katikati ya gurudumu kuna kitovu, ambacho mafundi wengi hukiita habu. Kitovu huzunguka juu ya ncha ya ekseli ambayo yenyewe haizunguki. Kati ya vyuma hivyo viwili huwekwa beringi mbili: moja kubwa upande wa ndani na nyingine ndogo upande wa nje. Kila beringi ina roli ndogo za chuma kigumu zilizopangwa katika duara, zikizunguka ndani ya kikombe cha chuma kilichopigiliwa ndani ya kitovu.

Beringi zinazotumika katika matela mengi zina roli zenye umbo la pia, yaani pana upande mmoja na nyembamba upande mwingine. Mtindo huo ulipewa hataza nchini Marekani mwaka 1898 kwa jina la Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya kukokotwa na farasi. Manufaa yake ni kwamba beringi hubeba uzito unaotoka juu na pia nguvu ya pembeni inayotokea chombo kinapokata kona. Ndiyo maana mtindo huo unaendelea kutumika katika vyombo vya kuvutwa hadi leo.

Grisi ndiyo inayozitenganisha roli na kikombe kwa utando mwembamba sana. Utando huo ukiwepo, chuma hakigusi chuma. Ukiondoka, vyuma husuguana, joto hupanda, grisi iliyobaki huyeyuka na kuvuja, na joto hupanda zaidi. Roli huanza kumeguka, kitovu huyumba, na hatimaye beringi huganda juu ya ekseli au ncha ya ekseli hukatika. Hapo gurudumu huondoka.

Nyuma ya beringi ya ndani kuna kipande kidogo cha mpira wa duara kiitwacho sili. Kazi yake ni kuzuia grisi isitoke na maji na vumbi visiingie. Sili ni miongoni mwa vipuri vya bei ndogo zaidi katika tela zima, lakini ndiyo inayounganisha mambo mawili yanayozungumzwa katika makala haya. Sili ikipasuka, beringi hukosa grisi, na grisi iliyovuja huingia katika breki na kuifanya iteleze. Kipuri kimoja kidogo kikipuuzwa huharibu vyote viwili kwa pamoja.

Maji, vumbi na mzigo

Mazingira ya Mara yanazipa beringi kazi ngumu. Wakati wa kiangazi, barabara za vumbi zinazounganisha vijiji na barabara kuu hutoa vumbi laini linalopenya kila mahali. Sehemu zenye mawimbi kama bati hutetemesha tela mfululizo, hulegeza nati za tairi na kugonga beringi. Wakati wa mvua za vuli na masika, matela huvuka mito ya msimu na madimbwi yanayofikia katikati ya magurudumu.

Kuvuka maji kuna hatari ambayo si wengi wanaoifahamu. Tela linapotembea, kitovu hupata joto na hewa iliyo ndani yake hutanuka. Kikiingia ghafla katika maji baridi, hewa hiyo husinyaa na kuvuta maji kupitia katika sili iliyochakaa. Maji huchanganyika na grisi na kuifanya iwe nyeupe kama maziwa. Tela likisimama siku kadhaa baada ya hapo, kutu huanza kula roli mahali zilipotulia. Hali hiyo huyapata matela ya boti yanayoingizwa ziwani Musoma, na huyapata vilevile matela ya mchanga yanayoingia mitoni kupakia. Ushauri ni kusubiri vitovu vipoe kabla ya kuingia majini, na kukagua grisi mapema baada ya kutoka.

Mzigo nao una kanuni yake. Wahandisi hukadiria maisha ya beringi za roli kwa hesabu inayoonesha kwamba mzigo ukiongezeka kwa asilimia 20, maisha ya beringi hupungua hadi kukaribia nusu. Mzigo ukiwa mara mbili, maisha hayo hupungua hadi takribani sehemu moja ya kumi. Mmiliki anayejaza tela mara mbili ya uwezo wake ili aokoe safari moja, kwa hakika anatumia beringi za safari kumi.

Kwa magari makubwa, udhibiti wa uzito una msingi wa kisheria. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 1, 2019, inaweka ukomo wa uzito wa jumla kuwa tani 56 na ukomo wa tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Mizani zinazosimamiwa na Wakala ya Barabara (TANROADS) huzilinda barabara, lakini vilevile huzilinda beringi na breki za chombo chenyewe.

Hatua za kuhudumia beringi

Kwa matela madogo yenye beringi zinazofunguliwa, kazi hii hufanywa na fundi mwenye ujuzi kwa vifaa vya kawaida. Kwa malori na matela yenye beringi zilizofungwa kiwandani, maelekezo ya mtengenezaji ndiyo yatakayofuatwa.

Kwanza, tela lisimamishwe mahali tambarare na pagumu, bila mzigo, likiwa limeunganishwa na gari linalolivuta. Magurudumu ambayo hayafunguliwi yawekewe vizuizi mbele na nyuma. Nati za tairi zilegezwe kidogo kabla ya kuinua kwa jeki, kisha tela likalishwe juu ya stendi imara. Ni marufuku kwa fundi kuingia chini ya tela linaloshikiliwa na jeki pekee.

Pili, kabla ya kufungua chochote, gurudumu lizungushwe kwa mkono na kusikilizwa. Sauti ya kusaga au kukwaruza ni dalili ya beringi iliyoharibika. Kisha gurudumu lishikwe juu na chini na kutikiswa. Likicheza kwa namna inayoonekana, beringi imelegea au imekwisha.

Tatu, baada ya kutoa tairi, kifuniko cha grisi, pini, nati na washa, kitovu huvutwa taratibu ili beringi ya nje isidondoke mchangani. Sili hutolewa na kutupwa. Haitumiki mara ya pili. Kila beringi iwekewe alama ya upande na gurudumu ilikotoka, kwa kuwa beringi na kikombe chake vimezoeana na havipaswi kuchanganywa na vya gurudumu jingine.

Nne, beringi zioshwe kwa dizeli au mafuta ya taa mpaka grisi yote ya zamani iondoke. Petroli isitumike, kwa kuwa mvuke wake huwaka kwa urahisi. Baada ya kuosha, beringi zikaushwe kwa kitambaa kisafi kisichoacha nyuzi. Tabia ya kuizungusha beringi kwa upepo wa kompresa ni ya hatari, kwa sababu roli zinaweza kuruka kwa kasi na kumjeruhi fundi.

Tano, beringi ichunguzwe kwenye mwanga. Rangi ya bluu au ya kahawia iliyoungua huonesha kuwa imepata joto kupita kiasi. Vishimo, mikwaruzo mirefu, kutu au roli iliyomeguka ni sababu tosha za kuibadilisha. Beringi inapobadilishwa, kikombe chake nacho hubadilishwa. Kuweka beringi mpya ndani ya kikombe kilichochakaa ni kuharibu fedha. Ncha ya ekseli nayo ichunguzwe kama ina nyufa au imelika.

Sita, grisi mpya iingizwe. Fundi huweka grisi katika kiganja na kuikandamiza kwa ukingo mpana wa beringi hadi itokeze upande wa pili kati ya roli zote. Kupaka grisi kwa nje tu hakutoshi. Grisi inayotumika iwe ile iliyokusudiwa kwa beringi za magurudumu, inayohimili joto, na isichanganywe na ya aina nyingine, kwa kuwa baadhi ya grisi zikichanganyika hupoteza uzito wake na kuvuja. Kitovu nacho hupakwa grisi kwa kiasi, lakini hakijazwi pomoni, kwani grisi ikizidi huongeza joto na kusukuma sili.

Saba, baada ya kuweka sili mpya na kurudisha kitovu, nati ya ekseli hukazwa huku gurudumu likizungushwa, ili beringi zikae sawasawa katika vikombe. Kisha nati hulegezwa na kukazwa tena kwa vidole tu, na kusogezwa hadi tundu la karibu la pini. Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Nati iliyokazwa kwa nguvu zote huibana beringi na kuiunguza; iliyoachwa huru sana huiacha igonge. Gurudumu linapaswa kuzunguka kwa urahisi na kucheza kwa kiasi kidogo mno kisichozidi takribani sehemu moja ya kumi ya milimita. Pini ya kufungia nati iwe mpya. Msumari au waya uliookotwa haufai kushika nafasi yake.

Breki: tela lisilosimama lenyewe hulisukuma trekta

Tela lenye tani nne likivutwa na trekta lenye tani mbili bila kuwa na breki zake, breki za trekta hulazimika kusimamisha tani sita. Kwenye mteremko, au kwenye vumbi na matope, tela huendelea kusukuma hata baada ya magurudumu ya trekta kujifunga, na vyombo viwili hujikunja kama bawaba. Hali huwa mbaya zaidi kwa mwendo, kwani mwendo ukiwa mara mbili, nguvu ambayo breki zinapaswa kuimeza huwa mara nne.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tela linaloruhusiwa kutembea bila breki zake ni lile ambalo uzito wake pamoja na mzigo hauzidi kilo 750. Kipimo hicho kinaweza kumpa mmiliki wa tela la kuundwa mtaani picha ya jambo lenyewe: magunia machache tu ya nafaka juu ya tela la chuma yanatosha kulivuka.

Breki za tela zipo za aina kadhaa. Matela ya trekta na ya pikapu yanaweza kuwa na breki za mafuta zinazofanya kazi pale tela linaposukuma mbele gari linalolivuta. Matela ya kambi kutoka nje mara nyingi huwa na breki za umeme, ambazo hutumia sumaku ndani ya dramu na betri ndogo inayofunga breki iwapo tela litakatika. Matela ya malori hutumia breki za upepo. Pamoja na tofauti hizo, mengi huishia katika sehemu zilezile: viatu viwili vya breki vyenye lainingi vinavyotanuka na kusugua dramu kwa ndani.

Kwa kuwa dramu hutoka pamoja na kitovu katika matela mengi, siku ya kuhudumia beringi ndiyo siku ya kukagua breki. Katika matela madogo, lainingi iliyobaki na unene wa milimita 1.6 au pungufu hubadilishwa. Lainingi iliyolowa grisi nayo hubadilishwa. Kuiosha au kuichoma moto hakurejeshi uwezo wake, kwani grisi huwa imekwisha kunywewa na kurudi juu breki inapopata joto. Mabadiliko hufanywa pande zote mbili za ekseli kwa wakati mmoja. Upande mmoja ukishika kuliko mwingine, tela huvuta pembeni. Dramu yenye nyufa au mifereji mirefu ipelekwe kwa fundi wa mashine au ibadilishwe.

Vumbi la breki halipulizwi kwa upepo wala kwa mdomo. Lainingi za zamani zinaweza kuwa na asbesto, madini ambayo vumbi lake likivutwa kwa miaka mingi husababisha magonjwa ya mapafu yakiwemo ya saratani. Vumbi hilo lilowanishwe kwa maji na kufutwa kwa kitambaa.

Kwa breki za upepo, maji yanayokusanyika katika mitungi yamwagwe kila siku, mipira ya upepo isikilizwe kama inavuja, na mikono ya kurekebishia breki ikaguliwe, kwa kuwa lainingi inavyolika ndivyo mwendo wa breki unavyorefuka hadi kufikia hatua ya kutoshika kabisa. Zipo safari ambazo mpira wa upepo wa tela ukivuja, hukunjwa na kufungwa kwa waya ili lori liendelee. Kitendo hicho huondoa breki ya gurudumu zima na kuhamishia mzigo wake kwa magurudumu yaliyobaki. Lori katika hali hiyo halina budi kutengenezwa kabla ya kuendelea na safari.

Kwa madereva wa trekta, lipo jambo jingine. Matrekta mengi yana pedali mbili za breki, moja kwa kila gurudumu la nyuma, ili kurahisisha kugeuka shambani. Kabla ya kuingia barabarani, pedali hizo zifungwe pamoja kwa komeo lake. Dereva akikanyaga moja tu akiwa katika mwendo wa barabarani huku akivuta tela, trekta hugeuka ghafla na kupinduka. Vilevile, mteremko ushukwe kwa gia ileile ambayo ingetumika kuupanda. Kuweka nyutro ili kuokoa mafuta ni kuzitwisha breki mzigo wote.

Ratiba inayopendekezwa

Watengenezaji wengi wa ekseli za matela madogo hupendekeza vipindi vinavyofanana na hivi vifuatavyo. Kitabu cha tela kikisema vinginevyo, kitabu ndicho kinachofuatwa.

- Kabla ya kila safari: kukagua nati za tairi, upepo wa matairi, pini ya kuunganishia, mnyororo wa usalama, taa na breki.
- Baada ya tairi kutolewa na kurudishwa: kukaza tena nati za tairi baada ya takribani kilomita 15, 40 na 80, kwa mpangilio wa kuruka kutoka nati moja hadi inayoitazama.
- Kila miezi 3 au kilomita 5,000: kurekebisha breki na kuangalia unene wa lainingi.
- Kila mwaka au takribani kilomita 19,000: kufungua vitovu vyote, kuosha beringi, kuweka grisi na sili mpya, na kukagua breki nzima.
- Baada ya vitovu kuzama majini: kukagua grisi mapema bila kusubiri mwaka kwisha.

Wamiliki wengi wa matela ya trekta hawana kipimo cha kilomita, na tela linaweza kusimama miezi mingi likisubiri mavuno. Kwao, mwaka ndio kipimo. Grisi huzeeka hata tela likiwa limesimama, na kutu haisubiri safari. Kwa wakulima wa pamba wa Butiama, Bunda na Musoma, wakati mwafaka ni mwezi Aprili, kabla ya ununuzi wa pamba kushika kasi kuanzia mwezi Mei. Kwa wanaosomba mchanga, mawe na mawe ya dhahabu kutoka maeneo ya wachimbaji wadogo kama Buhemba, ambao kazi yao haina msimu, kipindi cha miezi 6 kinafaa zaidi.

Kipimo cha kiganja

Upo ukaguzi mmoja usiogharimu chochote. Dereva akisimama baada ya mwendo wa dakika 20 hadi 30, asogeze kiganja karibu na kila kitovu kabla ya kukigusa. Vitovu vyote vinapaswa kuwa na joto la wastani na linalolingana. Kitovu kimoja kikiwa cha moto kuliko vingine, ama beringi yake imekosa grisi au imebanwa, ama breki yake haiachii. Kikiwa cha baridi kabisa ilhali vingine vina joto baada ya kushuka mteremko, breki yake huenda haifanyi kazi. Kwa malori, kazi hii inaweza kufanywa na utingo wakati dereva akikagua matairi. Harufu ya kuungua na mabaki ya grisi yaliyotapakaa upande wa ndani wa tairi ni dalili nyingine zisizopaswa kuvumiliwa.

Tela likiharibika, litolewe nje ya barabara kadiri inavyowezekana na kuwekewa alama za pembetatu zinazoakisi mwanga mbele na nyuma. Matawi ya miti hayaonekani vizuri usiku. Mawe yaliyotumika kuzuia magurudumu yaondolewe kabla ya kuondoka. Jiwe lililoachwa katikati ya lami huua mwendesha pikipiki ambaye hakuwahi hata kuliona tela lenyewe. Kwa dharura, Jeshi la Polisi hupatikana kwa namba 112 na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114, bila malipo.

Kitovu kilichopata moto kisimwagiwe maji baridi ghafla wala kufunguliwa kikiwa cha moto. Kisubiriwe kipoe, na safari isiendelee mpaka fundi amekifungua na kuona kilichomo.

Vipuri na mafundi

Beringi bandia hufungwa katika maboksi yanayofanana na ya kampuni halali, na tofauti yake huonekana baada ya kilomita chache. Mnunuzi anashauriwa kununua katika duka linalotoa risiti ya kielektroniki, kulinganisha namba iliyochorwa juu ya chuma na ile ya boksi, na kuitilia shaka beringi yenye maandishi yanayofutika au yenye bei ya chini isivyo kawaida. Udhibiti wa bidhaa bandia husimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC) na masuala ya ubora wa bidhaa husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Risiti ndiyo inayompa mwananchi nguvu ya kudai haki yake.

Kwa upande wa ufundi, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) hutoa mafunzo ya ufundi wa magari, na pia ina utaratibu wa kuwatambua na kuwapa vyeti mafundi waliopata ujuzi wao kazini bila kupitia darasani. Utaratibu huo ni fursa kwa mafundi wa gereji za Kiabakari, Bunda na Musoma, na ni kinga kwa mteja anayetaka kujua nani anakabidhiwa kitovu cha gurudumu lake.

Mmiliki naye ana sehemu yake. Kuweka daftari dogo linaloonesha tarehe ya huduma, kazi iliyofanyika, vipuri vilivyobadilishwa na jina la fundi ni jambo jepesi. Daftari hilo humsaidia fundi anayefuata, humsaidia mnunuzi wa tela, na humkumbusha mmiliki muda unapofika.

Wajibu kwa mujibu wa sheria

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, iliyotungwa mwaka 1973, inakataza kuendesha barabarani chombo kibovu kinachohatarisha watu, na inawapa askari wa usalama barabarani mamlaka ya kukikagua. Tela nalo ni chombo kinachoguswa na sheria hiyo. Dereva asipande barabara kuu na tela lisilo na taa za nyuma, lenye gurudumu linaloyumba au lenye breki zilizofungwa kwa waya, kwa kisingizio kwamba anakwenda karibu.

Aidha, watu hawapaswi kubebwa juu ya tela la mzigo. Vibarua wanaorejea kutoka shambani na watoto wanaodandia njiani hukaa juu ya magunia yasiyo na kishikizo, moja kwa moja juu ya magurudumu yaliyoelezwa katika makala haya. Gurudumu likichomoka au tela likijikunja, wao ndio wa kwanza kuanguka.

Askari wa usalama barabarani anaweza kuiona taa iliyozimika na tairi lililokwisha. Hawezi kuiona beringi iliyokauka ndani ya kitovu kilichofungwa, wala lainingi iliyolowa grisi ndani ya dramu. Hiyo anaweza kuijua mmiliki peke yake, siku anapoamua kufungua. Kopo la grisi, sili mpya, pini mpya na nusu siku ya fundi ndiyo gharama ya uamuzi huo kwa kila ekseli. Wananchi wenye matela wanahimizwa kuulipa kabla ya magunia ya kwanza ya msimu kupakiwa.